Kurasa Kumi na Sita za Kisagio

Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu. Tangu asubuhi upepo unatoka upande wa mto, na mto wenyewe sasa hivi ni mchanga mtupu, kwa hiyo kinachovuma ni mchanga. Saa nne mawingu yalijikusanya upande wa vilima vya Loima, watu wakatoka madukani kuyaangalia, kisha yakaenda zake. Dirisha la kibanda nimelifunga nusu. Nikilifunga lote nitapikika humu ndani, nikiliacha wazi simu za watu zitajaa vumbi.

Kazi yangu ni kuchaji simu, hapa Lodwar. Shule niliachia kidato cha pili. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaona makosa yangu akadhani nilikuwa nayaficha. Jana nilirudi kutoka Kakuma na sikulala vizuri, na leo nimeona heri niyaandike yaliyotokea kabla sijaanza kuyapanga kichwani yakaniletea sura nzuri.

Kisagio ni kidude cha kuchezea michezo. Kinaenea kwenye kiganja. Kina kioo kidogo cha rangi moja, vibonyezo viwili, na ubavuni kina mpini wa kuzungusha, ambao pia ndio unaokitia moto kikikosa chaji. Jina lake la kiwandani limeandikwa nyuma kwa herufi ambazo sijapata mtu wa kunisomea. Kisagio ni jina tulilokipa sisi, kwa sababu ya ule mpini: ukimwona mtu kwa mbali anazungusha utadhani anasaga mahindi. Vililetwa na mradi mmoja wa kufundishia watoto hesabu, vikiwa ndani ya masanduku, vingine wakavipeleka Kakuma, vingine vikabaki huku. Mradi ulifungwa. Wafanyakazi na wazazi wakagawiwa vile vilivyobaki, na vingine vikauzwa sokoni pamoja na ndoo na viti. Hesabu watoto hawakujifunza sana, lakini ndani yake mlikuwa na michezo minne, na mmoja wa hiyo minne ndio ulitushika sisi watu wazima.

Ni mchezo wa mchimbaji. Mtu mdogo ana taa kichwani anashuka chini ya ardhi. Kila chumba ni giza, unaona mahali taa inapofika tu, na ukizungusha mpini taa inaongezeka. Ukikosea mlango unarudishwa juu. Mimi kwa miaka miwili nimefika chumba cha kumi na tisa. Wengi hawapiti cha kumi.

Sisi wenye visagio hatufiki hamsini, Lodwar na Kakuma pamoja, na mmoja mmoja huku na huku, kama yule fundi wa Lokitaung anayetengeneza vibonyezo kwa raba ya ndala. Tulikuwa na grupu ya simu. Lakini nusu yetu tuna mulika mwizi, simu za vibonyezo, hatuoni picha. Na wale walio na simu kubwa wakiuliza swali la chumba cha saba, kabla hawajajibiwa linafunikwa na maombi ya asubuhi na tangazo la mbuzi aliyepotea. Ndipo nikasema, sijui kwa nini nilisema mimi, kwamba tufanye gazeti. La karatasi. Mtu akae nalo.

Nilidhani mtu mwingine aliyesoma ataichukua kazi. Wote wakajibu, sawa mama, anza.

Kwa hiyo nikaanza. Niliwaambia watu walete walichonacho. Fundi wa Lokitaung akaleta mambo ya ndala. Mzee mmoja, ambaye alikuwa mlinzi wa stoo ya ule mradi na ndiye alipewa kisagio cha kwanza kabisa, akaandika historia: lori lilifika siku gani, masanduku yalikuwa mangapi, nani aliyapokea, nani alikuwa hayupo. Watu walicheka kidogo kuhusu hiyo historia. Mimi niliisoma mara mbili, na kusema kweli ni kavu, lakini kuna mambo pale ambayo asingeyaandika yeye yasingejulikana tena.

Na kutoka Kakuma ikaja ramani.

Aliyeichora ni mwanamke wa Kongo, msusi wa nywele, anayekaa kule kwenye kambi ya wakimbizi. Kisagio chake alikipata mwaka jana tu, kutoka kwa mteja. Sisi wengine tunacheza tukikosa kazi. Yeye alicheza kama mtu anayelima shamba. Kila chumba alichopita alikichora nyuma ya maboksi ya mafuta ya kupikia aliyoyakunjua na kuyashona pamoja, na alipofika mwisho, chumba cha chini kabisa ambacho sisi hatukujua kama kipo, yale maboksi yalikuwa yanafunika ukuta mzima wa chumba chake cha kusukia. Niliyaona kwa macho yangu nilipokwenda mwezi wa kwanza. Nilisimama pale nikasahau kusalimia.

Yeye ndiye aliniambia ana safari. Jina lake limetoka, atapelekwa nchi ya mbali, baada ya kungoja miaka kumi na moja. Maboksi hayawezi kwenda naye.

"Nitakuchorea yote kwenye karatasi moya," aliniambia. Kiswahili chake ni cha kwao, nakiandika nilivyokisikia: yaya ni dada mkubwa, njo ni ndiyo. "Lakini yaya, nakuomba kitu moya. Mtu akifungua gazeti, aione yote mara moya. Toka juu mpaka chini. Usiikate."

Nikamwambia sitaikata.

Alikuwa anasuka kichwa cha mtu wakati tunaongea, hakuacha. Akasema, "Miaka yote hapa nilingoja. Chakula nilipewa, nyumba nilipewa, kadi nilipewa. Hii tu njo nilimaliza mwenyewe. Nataka kwenda nayo, na nataka batu wa hapa babaki nayo."

Mwanamke aliyekuwa anasukwa akasema, "Na kichwa changu je, utakimaliza?"

"Wewe nyamaza, kichwa chako ni chumba cha kumi na nane."

Baada ya wiki mbili karatasi ilinifikia. Alikuwa ameiviringisha ndani ya chupa ya soda iliyokatwa shingo, ili isipate mkunjo hata mmoja. Vyumba vyote vilikuwa pale, kwa peni nyeusi, vidogo kama mbegu za mtama lakini kila mlango unaonekana. Juu kuingia, chini kumaliza, na njia inapita kushoto na kulia kama mto. Iliwekwa kwa ulalo, upana wa karatasi nzima.

Sasa nifike kwenye kosa, na nitajaribu kusema kila mtu alifanya nini.

Kijana wa kopi, ambaye ana mashine karibu na stendi na ni mtu wa kutoka kule chini tunakoita Kenya, kana kwamba sisi hatumo, alinieleza kwamba gazeti kama letu hutengenezwa kwa karatasi nne zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili za stepla. Zinakuwa kurasa kumi na sita. Akanikunjia karatasi tupu nne niende nazo nyumbani kupangia. Nikaita kamati. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, tukakaa kivulini mwa kibanda, watu watano wa Lodwar. Wa Kakuma hakuna aliyeweza kuja, na hilo lilitakiwa kunishtua lakini halikunishtua.

Tukaanza kubishana nani awekwe wapi. Kila mtu alitaka pale katikati, zile kurasa mbili zinazofunguka pamoja, kwa sababu hata mtoto akilishika gazeti linafunguka pale. Mmoja akasema apewe mwenye habari ndefu. Mwingine akasema tupige kura. Kelele zikawa nyingi. Mzee akasubiri watu wachoke, kisha akasema, "Kwani hamjawahi kula nyama?"

Tukamgeukia.

"Mbuzi akichinjwa tunakaa. Kila mtu anajua anakaa wapi na anajua sehemu yake. Nani anapigania paja? Hakuna. Aliyetangulia ametangulia. Kurasa ni nyama. Nani alitangulia kupata kisagio?"

Na kila mtu alijua ni yeye. Lakini sitaki msomaji adhani alisema kwa tamaa. Angekuwa mwingine aliyetangulia, mzee angesema vilevile, nina hakika na hilo. Na sisi wengine tulipumua. Mimi zaidi. Nilikuwa nimebeba ule mzigo wa kupanga kwa wiki tatu, nikiogopa nitaambiwa nimependelea, na sasa palikuwa na njia ambayo hakuna mtu wa kuilaumu. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe, hata yeye akatikisa kichwa kukubali.

Tukapanga kwa mwaka wa kupata kisagio. Mzee akachukua katikati, ukurasa wa nane na wa tisa. Tukaenda tukishuka, kutoka katikati kuelekea majalada. Msusi wa Kakuma alikuwa wa mwisho kabisa kupata, akabakiwa na mbili za mwisho: wa pili, nyuma ya jalada la mbele, na wa kumi na tano, nyuma ya jalada la mwisho. Niliandika kwa penseli. Nilijua nimemwahidi. Nilijiambia kwamba ahadi yangu ni ya mtu mmoja na mpango huu ni wa wote, na nikibadilisha kwa ajili yake nitakuwa nimempendelea, na kesho kila mtu ataleta ombi lake. Hata hivyo nilisumbuka.

Halafu ikatokea kitu kilichonituliza, na ndicho kilichoniponza. Jumatatu nilipeleka kazi yote kwa kijana wa kopi. Yeye akazipanga karatasi nne mezani zikiwa zimekunjuliwa, kila upande na kurasa zake mbili. Na pale nikaona kwamba ukurasa wa pili na wa kumi na tano ziko kwenye uso mmoja wa karatasi moja, zimekaa bega kwa bega. Akaichukua ile ramani kutoka kwenye chupa akailaza pale, ikaenea vizuri kabisa, nzima, toka juu mpaka chini. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilidhani Mungu amenisaidia kutimiza ahadi na kufuata kamati, vyote kwa pamoja.

Kijana aliniuliza. Naandika hili kwa sababu ni haki yake. Alisema, "Madam, hii ramani itakaa mbili na kumi na tano. Uko sawa na hiyo?"

Nikasema, "Niko sawa. Si unaiona?"

Akaniangalia kidogo. "Haya. Gazeti ni lako."

Sikufikiri kwamba karatasi ile ndiyo ya nje, na kwamba ikikunjwa, zile karatasi nyingine tatu zote zitaingia katikati yake. Mtu aliyekunja madaftari shuleni angejua. Mimi pia nilikunja madaftari shuleni.

Jumatano jioni magazeti yalikuwa tayari, yamekunjwa, yamebanwa, yamo ndani ya boksi na kamba juu. Nilifungua moja tu. Niliangalia jalada, kisha likafunguka katikati nikasoma historia ya mzee kuona kama jina la lori limetoka sawa. Nikafunga. Sikuangalia ramani, kwa sababu niliyekuwa nikimwogopa ni mzee. Huo ndio ukweli, sina mwingine.

Alhamisi asubuhi nikapanda kwenda Kakuma. Yeye alikuwa anaondoka siku hiyohiyo, mabasi ya kuwapeleka yanajaa saa tano. Nilimkuta nje ya uzio, mahali wanapokusanyika, amevaa viatu vipya na ameshika mfuko mkubwa wa plastiki wenye karatasi zake. Watu walikuwa wengi, wengine wanalia, wengine wanapiga picha. Rafiki zake wawili wa saluni walikuwa naye, mmoja ni yule wa kichwa cha chumba cha kumi na nane. Wote wawili wana visagio.

"Yaya umefika," akasema. Akanikumbatia kabla sijatua boksi.

Nikakata kamba nikampa la juu. Alilipangusa kwanza kwa kanga ingawa lilikuwa safi. Akalifungua, likafunguka katikati, na macho yake yakapita juu ya malori na masanduku. Akafungua mbele. Nikaona ameipata nusu ya kwanza, kwa sababu alitabasamu, kisha akafungua ukurasa uliofuata kutafuta nusu ya pili, na hapo palikuwa na mambo ya ndala. Akafungua mwingine. Akafungua mwingine. Nilisimama namwangalia anapita kurasa zote, na kabla hajafika mwisho nilikuwa nimeshaelewa.

Alipoipata nusu nyingine kule nyuma, akaweka kidole kwenye moja, akarudi kwenye nyingine, akaweka kidole kingine. Gazeti likawa limebanwa kati ya vidole vyake.

"Yaya," akasema. Hakupaza sauti. "Mi nilikuomba kitu moya tu."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na kamati na nyama na nani alitangulia, jua linawaka, mtu anaita majina kwenye kipaza sauti. Yule rafiki yake akanikatiza.

"Kwa hiyo paja mlikula nyinyi Lodwar."

"Si hivyo."

"Na sisi mkatuletea kwato."

Msusi akamwambia, "Muache. Amebeba boksi peke yake toka Lodwar." Kisha akanigeukia, na alichosema hakikuwa cha hasira, ningependa kingekuwa cha hasira. Alisema, "Mtu wa huko nikimuonyesha, ataona vipande mbili. Nitamwambia ni moya, na hatanijua mimi ni nani, ataona tu vipande mbili."

Jina lake likaitwa. Akalitia gazeti ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na karatasi nyingine. Hakunirudishia. Hilo nimelishika tangu jana. Akanipa mkono, akawakumbatia wale wawili kwa muda mrefu, akapanda. Basi lilipoondoka alikuwa upande wa pili, sikumwona dirishani.

Nikagawa magazeti kwa wenye visagio wa Kakuma waliokuwepo. Walipokea kwa adabu. Kisha nikaenda kukaa kwenye hoteli moja ndogo ya Msomali, nikaagiza chai, na chai ikapoa mbele yangu. Nilikuwa na gazeti moja mkononi. Nikawa nalikunja na kulikunjua, natafuta mahali nilipokosea, na kwa ukucha nikaanza kuinua pini. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuharibu kitu, na kile ndicho kilikuwa changu. Pini ya kwanza ikatoka, na ya pili. Karatasi zikaachana. Nikazitoa zile tatu za ndani, ikabaki ile ya nje, nikailaza mezani.

Ramani nzima. Toka juu mpaka chini, kama nilivyoiona kwa kijana wa kopi.

Basi lilikuwa limeondoka nusu saa iliyopita. Nilichotakiwa kumwambia pale uwanjani kilikuwa maneno matatu: toa pini hizi. Badala yake nilimweleza habari za mbuzi. Akili yangu ndivyo ilivyo, hufika watu wakishatawanyika.

Nikamwandikia ujumbe. Toa pini mbili za katikati, toa karatasi za ndani, ile ya nje ifungue, ramani iko nzima, nisamehe. Ukaenda. Sikupata jibu. Nilipiga, simu haipatikani. Wale rafiki zake nikawatafuta nikawaonyesha. Yule mwenye maneno akaiangalia, akatoa pini zake palepale kwa meno, akaitoa ramani, na zile karatasi nyingine tatu akampa mama wa mandazi aliyekuwa pembeni. Nikaona historia ya mzee inafungiwa mandazi mawili. Ningemkataza? Ningeanzia wapi?

Hayo ni ya jana. Leo, kwenye saa kumi hivi, upepo ukiwa bado, mzee alikuja kibandani. Alikuwa na nakala yake ndani ya bahasha.

"Ejok, mama," akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok, apa," nikamwitikia kama baba. "Karibu kiti."

Akakaa, akaulizia safari. Akaulizia barabara. Akamuulizia mama yangu kupitia ukutani, mama akajibu kutoka ndani. Kisha akafika alipokuwa anakwenda. "Na kule Kakuma, walisemaje kuhusu ukurasa wangu?"

Ningeweza kumwambia waliusoma. Hakuna ambaye angenikamata. Lakini nimekuwa nikijisifu kwa haki wiki nzima, na nikaona nikimdanganya huyu basi nilimuumiza yule bure. Nikamwambia yote. Nikamwambia na mandazi.

Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilianza kusema kwamba historia yake ni muhimu, na nilikuwa naamini hivyo, lakini akainua kidole ninyamaze.

"Huyu mama aliomba katikati?"

"Hakusema katikati. Aliomba ionekane yote mara moja."

"Ni kitu kimoja."

"Ndiyo. Ni kitu kimoja."

"Na wewe ulijua kabla hatujakaa Jumapili."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuniomba?"

Nikasema tulikuwa tumeshapanga kwa haki, sehemu ilikuwa yake, sikutaka kumpokonya mtu sehemu yake.

"Nani amesema kunipokonya? Nasema kuniomba." Alisema polepole, kama anaongea na mgeni. "Ukinipa sehemu yangu ya nyama, ni yangu. Nikiipata mkononi naweza kumpa mgonjwa, naweza kumpa mgeni, naweza kumpa mbwa. Lakini lazima mtu aseme, mzee, nipe. Watu wa hapa wanakuomba mpaka ushanga shingoni. Wewe umezaliwa wapi?"

Nimezaliwa hapahapa, nyuma ya soko. Kila siku naombwa: chumvi, tumbaku ya mama, chaji ya bure, hata kiti ninachokalia. Na mimi naomba. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliona haya kuomba kitu. Ila kwa hili gazeti, kwa kuwa lilikuwa na kamati na penseli na namba za kurasa, nilidhani mambo yetu hayaingii humo, isipokuwa ile sehemu yetu ya kugawa. Kugawa nilikuchukua. Kuomba nikakuacha nje.

"Ungempa?" nikamuuliza.

"Ningekataa kidogo," akasema. "Kisha ningempa."

Akatoa nakala yake kwenye bahasha. Akaniomba koleo, nikampa. Alitoa pini zote mbili bila kupasua, akaziweka mfukoni mwa shati, akaikunjua ile karatasi ya nje juu ya magoti yake. Macho yake si mazuri sasa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alifuata njia kwa ukucha kutoka juu. Nilimhesabia kimoyomoyo. Alipofika chumba cha kumi na moja, ambako najua yeye hukwama, kidole kilisimama muda mrefu.

"Mlango uko huku," akasema. "Mimi miaka yote naupita."

Aliendelea kushuka mpaka chini. Wateja wawili wakaja kuchukua simu zao wakaondoka, hakuinua kichwa. Mwishowe akazikusanya karatasi zake akazipanga upya. Ile ya ramani akaiweka ndani kabisa, yake ya malori akaifanya ya nje, akaingiza pini kwenye matundu yaleyale akazikunja kwa koleo. Gazeti lilikuwa halina tena jalada la kueleweka na namba za kurasa zilikuwa zimevurugika zote. Lakini ukilifungua, linafunguka kwenye ramani.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

Nikamwonyesha boksi.

"Kesho nitakuja na koleo yangu."

Alipokwenda nilituma tena ule ujumbe, maneno yaleyale, nikaongeza kwamba mzee ametoa sehemu yake. Sijui laini yake inashika huko alipo. Labda wamewapa laini nyingine. Labda wako bado Nairobi, amekaa mahali, ana muda, analichezea lile gazeti kama nilivyolichezea mimi. Hakuna ujumbe wa kuonyesha umefika. Watu wameanza kuuliza toleo la pili litatoka lini, nimewajibu nimechoka, na nimechoka kweli, si maringo. Nikifikiria kamati nyingine mgongo unaniuma.

Binti wa dada yangu amerudi kutoka shule na kusema upepo umeng'oa bati la choo cha majirani. Mama ameuliza kwa nini mzee alikaa muda mrefu hivyo bila chai. Nilisahau chai. Jioni tulikula ugali na samaki mkavu wa ziwani, aliyechemshwa na nyanya moja na kitunguu. Samaki alikuwa na mchanga kidogo. Mama alikula kichwa, binti akala mkia, mimi nikala katikati.